Kifuniko cha Tangi la Samaki Lenye Tumbo

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ya mikono. Ni kazi ndogo: kutengeneza kifuniko kinachoonyesha kama kioo, cha kufunika tangi la samaki la nyumbani. Lakini tangi lenyewe si la mraba. Ubavu wake wa mbele umevimba kama tumbo, na tumbo hilo ndilo lililonitesa.

Tangi hilo liko sebuleni kwangu, hapa Kilindoni, katika Kisiwa cha Mafia. Nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akihama nyumba, nikalipeleka kwa gari mpaka Nyamisati, na kutoka hapo likavuka kwa boti, limefungwa ndani ya magodoro mawili. Lilifika salama. Kifuniko chake kilikuwa kimekwisha vunjika zamani. Mimi nikasema moyoni, kifuniko ni kitu gani? Nikatia mchanga, nikatia maji ya kisima, nikatia samaki saba wa maji baridi, wadogo, wenye mikia mirefu. Watoto wangu wakafurahi sana.

Huenda mmoja wenu akauliza: Kwa nini maji ya kisima, na bahari iko mlangoni? Samaki wa bahari wana masharti mengi, na maji ya chumvi ni kazi kubwa kuyatunza. Tena sehemu kubwa ya bahari inayotuzunguka upande wa kusini na mashariki imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Matumbawe na samaki wake wa mapambo si vitu vya kuchota kwa ndoo na kupeleka sebuleni. Mimi ni mtumishi wa elimu. Sipendi kuanza somo kwa kuvunja sheria.

Basi, tangi likakaa wazi kwa muda wa miezi miwili. Katika miezi hiyo nilijifunza kazi ya kifuniko, kwa kukosa kifuniko.

Kwanza, maji yalipungua. Kila juma nilikuwa nikiongeza ndoo moja ya lita 10, maana joto na upepo viliyachukua. Pili, mjusi wa ukutani alianguka ndani usiku, tukamkuta asubuhi amekufa na maji yameanza kunuka. Tatu, jirani yangu mmoja, mtu mwema, alikuja kunisaidia kupuliza dawa ya mbu chumbani. Nilimzuia mkono katika dakika ya mwisho. Dawa nyingi za kupuliza mbu ni sumu kali kwa samaki; matone machache tu yakiingia majini yatosha kuwaua. Nne, samaki huruka. Akishtuka kwa taa, au akifukuzwa na mwenziwe, anaruka juu ya maji, na tangi likiwa wazi anaanguka sakafuni. Hilo la nne nitalirudia.

Nikaamua kupata kifuniko. Nilitaka kiwe cheupe, yaani chenye kupitisha mwanga, ili watoto wawaone samaki hata kwa juu, na ili taa ya juu imulike mpaka chini. Kioo cha dirisha kingefaa, lakini kukata kioo kwa kufuata mviringo ni kazi ya fundi hasa, na mtoto akikiangusha, atajikata. Nikachagua plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ambayo jina lake ni akriliki. Plastiki hii ilianza kuuzwa huko Ulaya katika miaka ya 1930, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kufanyia madirisha ya ndege, kwa sababu ni nyepesi na yaweza kukunjwa kwa joto. Siku hizi utaiona katika mabango ya maduka.

Nikapiga simu kwenye duka moja la mjini. Nikasema: Nataka kipande cha sentimita 90 kwa 43, mbele kiwe na mviringo kidogo. Fundi akauliza: Mviringo kiasi gani? Nikajibu: Wa kawaida tu. Akasema: Haya.

Sikilizeni vizuri neno hilo, "wa kawaida tu". Nimesoma mpaka chuo kikuu, nina stashahada iliyotiwa fremu ukutani, na hilo ndilo neno nililompelekea mtu aliye ng'ambo ya bahari akate plastiki ya fedha yangu.

Kipande kikaja kwa boti. Katikati kililingana sawasawa. Lakini fundi alikuwa amekata mviringo kwa macho yake, mkali kuliko wa tangi, na kwa hiyo huku pembeni, kushoto na kulia, kulikuwa na pengo la upana wa vidole viwili. Nikasema si neno, samaki hawatalijua pengo hilo. Usiku wa tatu mmoja akalijua. Mwanangu wa miaka sita ndiye aliyemwona asubuhi, chini ya kiti, amekauka. Hakulia. Aliniuliza tu: Baba, si ulisema umeshafunika?

Jioni ile nilikwenda darasani na kile kipande cha plastiki kwapani, kwa sababu nilitaka kukitumia katika somo la hesabu. Katika darasa letu yuko mzee mmoja, mwenyeji wa Jibondo. Jibondo ni kisiwa kidogo kusini mwa Mafia, na watu wake wanasifika kwa kazi ya kuunda mashua. Mzee huyu ameunda vyombo maisha yake yote. Mwaka 1971, wakati Wilaya ya Mafia ilipokuwa mojawapo ya wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwaka ule kwisha, yeye alikuwa mtoto, naye alimfuata baba yake katika kazi. Watu wazima walikaa darasani; yeye alishika nyundo. Ndiyo maana yuko nasi sasa.

Mzee alikitazama kipande, akasikiliza habari yangu yote, kisha akasema: "Mwalimu, umempelekea maneno. Hukumpelekea umbo."

Nikamwambia: "Mzee wangu, lakini nilimpa vipimo."

Akasema: "Ulimpa urefu na upana. Ubao wa mashua nao una urefu na upana. Je, kwa hayo mawili utakaa juu ya mataruma?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana sikuwa na jibu. Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, alikuja nyumbani kwangu akanionyesha. Nami nawaonyesha ninyi kama alivyonionyesha, na yale niliyoyaongeza baadaye nitayataja.

Kwanza punguza maji kidogo, ukaushe ukingo wa juu wa tangi kwa kitambaa. Chukua kipande cha mkaa, usugue juu ya ukingo wa kioo, kuzunguka pande zote nne, mpaka uwe mweusi. Kisha chukua karatasi moja ngumu iliyo kubwa kuliko tangi. Sisi tulitumia karatasi ya mfuko wa saruji, tuliyoikung'uta vizuri. Watu wawili waishike, mmoja huku na mmoja huku, ikaze kama ngozi ya ngoma, waishushe taratibu juu ya ukingo. Mtu wa tatu apitishe kiganja juu yake, akikandamiza, bila kuisogeza. Ukiinua karatasi utaona chini yake umbo zima la tangi, limechapwa kwa mkaa.

Tazama vizuri chapa hiyo. Si mstari mmoja, ni utepe, kwa sababu kioo kina unene. Ukingo wa nje wa utepe ni nje ya tangi. Ukingo wa ndani ni ndani ya tangi. Ni lazima uamue kifuniko chako kitakaa wapi. Mimi nilitaka kikae ndani, juu ya vishikizo vidogo vya plastiki vinavyoning'inia kwenye ukingo wa kioo, ili matone ya mvuke yanayokusanyika chini ya kifuniko yarudi majini, yasichuruzike nje juu ya meza. Kwa hiyo nilifuata mstari wa ndani, nikapunguza milimita 2 pande zote. Usiukate ukalingana kabisa. Akriliki hutanuka ikipata joto: kipande cha sentimita 90, joto likizidi kwa digrii 10, huongezeka zaidi ya nusu milimita. Tena kifuniko kinachobana hakiinuki kwa urahisi, nawe utakivunja siku moja ukiwa na haraka.

Kata karatasi kwa mkasi, uiweke juu ya boksi, uchore, ukate boksi. Boksi hilo sasa ndilo kiolezo. Kirudishe juu ya tangi, ukijaribu. Mahali pakibana, punguza. Mahali pakiwa na pengo, anza upya na boksi jingine. Boksi halina bei. Akriliki ina bei.

Hapo mzee alinipa kiolezo, akasema: "Sasa andika wewe, maana mimi sijafika huko." Nikamwambia: "Umefika." Nikampa kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo: MBELE. Kisha nyuma akaandika: BOMBA, mahali pa kupitia mpira wa hewa. Nilikuwa nimekaa miezi minne nikimfundisha herufi hizo kwa kuandika majina ya matunda, na sijapata kumwona akiandika kwa bidii namna ile.

Kama fundi wako yuko mbali na huwezi kumpelekea kiolezo, kuna njia ya pili, nayo ni ya namba. Piga mstari ulionyooka kwa nyuma. Juu ya mstari huo weka alama kila baada ya sentimita 15. Kutoka kila alama pima kwenda mbele mpaka kwenye mviringo, uandike. Kiolezo changu kilitoa namba hizi, kwa sentimita, kutoka kushoto kwenda kulia: 35, 39.5, 42.1, 43, 42.1, 39.5, 35. Fundi akizipata hizo, ataweka alama saba, ataziunganisha kwa ufito mwembamba uliopindwa, na mviringo utatokea, hata kama yuko Mombasa. Lakini andika neno "sentimita" mbele ya namba. Futi za kupimia zinazouzwa madukani aghalabu zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na inchi moja ni zaidi ya sentimita mbili na nusu. Namba isiyo na kipimo ni kama barua isiyo na jina la mpelekewa.

Sasa habari ya plastiki yenyewe. Ile ya milimita 3 ni nyembamba mno kwa tangi kama hili. Nilichukua ya milimita 4. Hapa tufanye hesabu kidogo. Umbo letu lina mstatili wa 90 kwa 35, yaani 3,150. Tumbo limezidi kwa sentimita 8 katikati. Eneo la tumbo la namna hii ni karibu theluthi mbili ya 90 mara 8, yaani 480. Jumla ni sentimita za mraba 3,630. Kwa unene wa milimita 4, akriliki hiyo ina uzito wa kilo 1 na robo tatu hivi. Kioo cha unene ule ule kingekuwa kilo 3 na nusu na zaidi. Mtoto anayelisha samaki anaweza kuinua cha kwanza. Cha pili nisingependa akiinue.

Katika kukata, usibandue karatasi ya kinga iliyo juu ya plastiki mpaka mwisho wa kazi. Chora umbo juu ya karatasi hiyo. Mstari ulionyooka waweza kuukwaruza kwa kisu mara nyingi, kisha ukavunja juu ya ukingo wa meza. Mviringo hauvunjiki hivyo. Utahitaji msumeno wa meno madogo, ule wa kukatia chuma, au msumeno wa umeme uendeshwe polepole. Ukienda mbio plastiki inapata moto, inayeyuka, na nyuma ya msumeno inashikana tena kana kwamba hukukata kitu. Kata nje ya mstari kwa milimita moja, ukimalizie kwa tupa. Baadaye piga msasa wa namba 120, halafu 240, halafu 400 kwa maji, mpaka ukingo usimkwaruze mtu mkono.

Mahali pa kupitisha mpira wa hewa usikate pembe kali. Toboa kwanza tundu la mviringo kwa keekee, huku kibao kimewekwa chini na mkono usikandamize sana, halafu kata kwa msumeno kutoka ukingoni mpaka kwenye tundu. Katika akriliki ufa huanzia kwenye pembe kali, nao ukishaanza haurudi nyuma.

Mnadhani tulikuwa tumemaliza? Nami nilidhani hivyo. Kifuniko kilikaa vizuri kwa juma moja. Juma la pili nikaona kimebonyea katikati, na katika juma la tatu kilikuwa karibu kugusa maji. Nikafikiri nimeuziwa kitu kibovu. Haikuwa hivyo. Akriliki hunywa maji kidogo. Upande wa chini ulikuwa ukinywa unyevu na kutanuka. Upande wa juu ulikuwa mkavu. Upande mmoja ukirefuka na mwingine usirefuke, kitu hupinda. Nilipomweleza mzee, hakushangaa hata kidogo. Mbao zake hufanya hivyo kila masika.

Dawa yake ni tatu, nami nilizitumia zote. Nilikata kifuniko vipande viwili, kipande cha nyuma ambacho hakiondoki, na kipande cha mbele chenye mviringo ambacho huinuliwa wakati wa kulisha. Kipande kifupi hakibonyei kama kirefu. Kisha nilibandika juu ya kila kipande, kwa gundi ya akriliki, vipande vyembamba vilivyosimama wima, mfano wa mataruma ya mashua. Kazi hiyo ya gundi ifanywe nje penye upepo, na kifuniko kisirudishwe juu ya samaki mpaka harufu yote imekwisha. Mwisho, kila Ijumaa mwanangu hugeuza kipande cha nyuma, ambacho mataruma yake nimeyafunga kwa skrubu za plastiki ili yaweze kuhamishwa. Kipande cha mbele hatukigeuzi, nacho kimebonyea kidogo sana, si cha kudhuru.

Iko plastiki nyingine, polikaboneti, isiyovunjika upesi. Ile yenye mapango katikati, inayoezekewa vibaraza, ni nyepesi na haibonyei sana, lakini huoni vizuri kupitia ndani yake. Anayetaka kufunika tu, aichukue hiyo. Anayetaka kuona, achukue akriliki na avumilie kuigeuza. Na katika kuisafisha tumia maji ya sabuni na kitambaa laini. Spiriti na tina huifanya ijae nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui.

Usifunike tangi kama mtu anayeziba chupa. Samaki hupata hewa kutoka juu ya maji, kwa hiyo ule upenyo wa mpira nyuma uache wazi kidogo. Na waya wa taa uushushe chini kuliko soketi ya ukutani kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji linalotembea juu ya waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Tangu tufunike, siongezi ndoo nzima. Lita 2 kwa juma zatosha. Samaki ni sita, na hatujakuta mwingine chini ya kiti.

Najua wengi wenu hamna tangi la samaki. Lakini mna pipa la maji, na mtungi, na simtangi lenye mdomo usiokuwa duara kamili. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga mayai katika maji kama hayo yaliyo wazi nyumbani. Kifuniko kinachoacha pengo la vidole viwili kwake ni mlango.

Basi chukueni kazi hii kabla ya Alhamisi ijayo. Kila mtu achague chombo kimoja cha maji nyumbani kwake, asugue mkaa kwenye mdomo wake, achape umbo juu ya karatasi, alikate. Juu ya karatasi aandike mambo manne: jina lake, jina la chombo, upana kwa sentimita, na neno MBELE mahali panapostahili. Wasioweza bado kuandika yote manne waandike jina na MBELE. Mleteni karatasi hizo darasani, tuzitandike mezani, na kila mmoja ajaribu kutambua chombo cha mwenziwe kwa kutazama umbo na kusoma maandishi. Mzee wetu wa Jibondo ndiye atakayesahihisha maumbo. Mimi nitasahihisha herufi.

Kwaherini mpaka Alhamisi.